Binti amerudishwa kwa sababu ya sketi, baba yake anataka sare zifutwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza. Mume wangu ni fundi seremala, mimi nauza machungwa na mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Binti yetu wa kwanza amechaguliwa kidato cha kwanza mwaka huu, shule ya kutwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka tulichinja jogoo, maana kwenye ukoo wa baba yake yeye ndiye msichana wa kwanza kufika sekondari.

Fomu ya kujiunga ilikuja na ukurasa mzima wa sare. Sketi mbili za damu ya mzee zenye marinda, mashati mawili meupe yenye nembo mfukoni, sweta, tai, fulana ya Ijumaa, sare ya michezo, viatu vyeusi vya kamba. Vyote vinunuliwe kwenye duka moja lililotajwa. Nilipopiga hesabu nikapata shilingi 172,000, bado madaftari na begi. Shangazi, machungwa msimu wake mkubwa ni katikati ya mwaka. Januari mkono ni mtupu.

Mashati na tai nikanunua kule walikosema. Sketi nikaona ni sketi tu, nikaenda sokoni, nikatafuta kitambaa kinachofanana, nikampelekea fundi jirani. Zote mbili zikanigharimu 28,000. Dukani zingekuwa 50,000. Zilitoka nzuri, binti akazijaribu akazunguka mbele ya kioo cha kabati mpaka mdogo wake akaanza kumpigia makofi.

Wiki ya tatu, mwalimu wa zamu akapita mstarini. Akashika upindo wa sketi ya binti yangu, akaulinganisha na wa mwenzake, akasema rangi imekoza na marinda ni machache, hiyo si sare ya shule. Akamtoa mstarini pamoja na wenzake wawili, wakaambiwa wasirudi mpaka wawe na sare kamili. Nilimwona anakuja saa nne asubuhi, begi amelikumbatia mbele kufunika ile sketi. Hakulia. Aliingia ndani akabadili, akaikunja rinda kwa rinda, akaiweka chini ya godoro. Leo ni siku ya nne hajaenda shule.

Baba yake amekasirika vibaya sana. Kikao cha wazazi ni mwisho wa Februari, na ameapa atasimama aseme sare zifutwe kabisa. Anasema sare ni mambo ya mkoloni, Ulaya na Marekani watoto wanavaa wanachotaka na bado wanasoma, na elimu ikiitwa bure iwe bure kweli. Wazazi kadhaa wako upande wake. Mimi anataka nisimame naye, kwa sababu akina mama wa stendi wananisikiliza.

Nilikuwa tayari, Shangazi. Lakini juzi usiku binti amenikuta nachambua dagaa, akaniambia, "Mama, mwambie baba asiseme vile. Bila sare nitavaa nini? Nina magauni mawili, na moja ni la Idi." Tangu hapo sijui nishike wapi. Nikisimama na mume wangu namuumiza mtoto, nikikaa kimya namwangusha mume wangu mbele ya watu. Nishauri.

Mama wa watatu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale binti anaporudi na begi kifuani. Kwa hiyo naanza na yeye. Kikao kitasubiri.

Kesho asubuhi arudi shule, na umpeleke wewe mwenyewe. Avae sketi ileile. Funga kanga yako vizuri, mwende kabla ya kengele, umwombe mkuu wa shule dakika kumi. Ile sketi ya pili ibebe mkononi aione. Mwambie hivi: "Mwalimu, hizi ndizo nilizoweza. Naomba mtoto asome wakati natafuta nyingine." Omba muda mpaka machungwa yatakapoanza kuingiza pesa, na uombe kikaratasi chenye sahihi yake ambacho binti atamwonyesha mwalimu wa zamu, asije akatolewa tena mstarini. Kila Januari unawasikia wakuu wa mikoa na wa wilaya wakitangaza kwamba mtoto apokelewe hata kama sare haijakamilika. Mkuu wa shule naye anawasikia. Akikataa, afisa elimu wa sekondari yuko hapohapo wilayani kwenu. Ila sidhani kama utafika huko. Walimu wengi ukiwafuata kwa adabu kabla hujawasema kikaoni, wanaelewa.

Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, na kuna jambo moja nalibeba mpaka leo. Shule niliyofundisha ilikuwa na zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa kuwa madarasa hayakutosha. Zamu ya mchana kulikuwa na kijana mmoja wa darasa la tatu, kila siku anachelewa, na kila siku shati limelowa jasho na kola nyeusi. Nilimrudisha nyumbani mara tatu kwa uchafu. Mara ya nne hakuja, nikaamua nimfuate. Sikufika kwao. Njiani, chini ya mwembe mkubwa, nikawakuta wawili. Mkubwa, wa zamu ya asubuhi, amevua shati, amebaki kifua wazi, anamfunga mdogo wake vifungo. Shati lilikuwa moja. Mdogo alichelewa kwa sababu alikuwa anamsubiri kaka yake atoke darasani, na lile jasho nililomfukuzia lilikuwa la kaka yake. Waliponiona, yule mkubwa alijificha nyuma ya mti kwa aibu ya kuwa kifua wazi mbele ya mwalimu. Tangu siku ile sikumrudisha tena mtoto yeyote kwa sababu ya nguo, na nilipoulizwa ofisini nilijibu hivyohivyo.

Sasa tuje kwa baba yao. Hasira yake ni ya haki, na usimwambie vinginevyo. Ila hoja zake zinahitaji kuchekechwa.

Kwamba sare ni za mkoloni, ni kweli zilikuja na shule za misheni na za serikali ya kikoloni. Lakini aujue na mwanzo wake. Mwaka 1552 ilianzishwa shule London iitwayo Christ's Hospital, ya watoto maskini na yatima. Watoto wale walivishwa koti refu la bluu, na inasemekana bluu ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo rangi iliyokuwa rahisi. Shule hiyo ilihamia Horsham mwaka 1902, na wanafunzi wake wanavaa koti lile, pamoja na soksi za njano, mpaka leo. Huku kwetu nako, watoto waliokombolewa utumwani na kupelekwa kwa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kule Unguja, Kiungani wavulana na Mbweni wasichana, walivishwa na misheni, maana walifika hawana kitu. Yaani sare ilianza kama nguo ya kupewa mtoto asiye na nguo. Leo sisi tumeigeuza kuwa kitu ambacho mtoto huyohuyo lazima akinunue kwanza ndipo aruhusiwe kukaa kwenye dawati. Hapo ndipo nilipo na mume wako bega kwa bega. Tunapoachana ni kwenye dawa.

Kwa sababu binti yako amesema kweli iliyo kubwa kuliko hotuba yoyote ya kikaoni. Ana magauni mawili. Sare zikifutwa, Jumatatu atavaa la kwanza, Jumanne atavaa la Idi, Jumatano atarudia la kwanza na watoto wataanza kuhesabu. Nimeliona hilo kwa macho. Shule anayosoma mjukuu wangu Dar es Salaam huweka siku ya nguo za nyumbani mwisho wa muhula. Mwaka juzi nilikwenda kuchukua ripoti siku hiyo. Watoto wamependeza, viatu vinawaka taa kisigino, na kwenye darasa la mjukuu wangu madawati manne yako wazi. Nikamuuliza mwalimu kama kuna ugonjwa. Akaniambia, "Bibi, kila mwaka siku hii wale wanne hawaji." Mzazi mwenye uwezo wala hasikii. Kwake hiyo ni siku ya furaha.

Halafu kuna jambo la njiani. Binti yako anatembea saa nzima, kwenda, na saa nzima kurudi, na bodaboda wako pale barabarani. Sare haimzuii mwenye nia mbaya, sitakudanganya. Lakini tangu sheria ya elimu irekebishwe mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na msichana aliyevaa sare hakuna mwanamume atakayesimama aseme hakujua kama ni mwanafunzi. Kila mtu mzima njiani anajua huyu ni wa nani na alipaswa kuwa wapi saa hizo. Mvue sare, awe binti tu kati ya mabinti wa stendi.

Na si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328. Katika baadhi yake, watoto wa darasa la sita waligawiwa sare bure, basi, kwingine wakaachwa wanunue kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kwenye kila wasichana 100, walioacha masomo walikuwa 16, ilhali kule kusikogawiwa walikuwa 19. Waliopata mimba walishuka kutoka 16 hadi 13. Nguo tu. Duflo na Kremer baadaye, mwaka 2019, walikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Nobel ya uchumi. Mimi ninachokiona kwenye namba hizo ni kwamba sare ikimfikia mtoto inamshika shuleni, na asipoweza kuipata ndipo inapomsukuma nje. Mwambie baba yao hayo.

Kuhusu Ulaya, si kote wanavaa wanachotaka. Ufaransa, ambako shule za serikali kwa kawaida hazina sare, mwaka 2024 walianza kuzijaribu katika baadhi ya shule, Béziers ikiwa kati ya miji ya kwanza. Uingereza sare ni jambo la kawaida kabisa, na wazazi wa kule wanalia kilio chako hichohicho, cha duka moja na nembo kila mahali. Kilio chao kimezaa sheria. Mwaka 2021 Bunge lao lilipitisha sheria ya gharama za sare, na mwongozo uliofuata ukazitaka shule zipunguze vitu vyenye nembo, zisimfunge mzazi kwa muuzaji mmoja bila ushindani, na zihakikishe sare zilizotumika zinapatikana. Hilo ndilo la kuiga, na ndilo ningependa mume wako asimame nalo.

Na kuhusu elimu bure, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua nani abebe nini, na sare ukaiacha kwa mzazi. Akisimama kudai sare zifutwe, mkuu wa shule atamjibu kwa huo waraka kwa dakika moja, na kikao kitahamia kwenye ajenda ya madawati. Atakuwa ametumia hasira yake yote na sketi ya binti iko vilevile chini ya godoro. Lakini wajibu aliopewa mzazi ni kumvisha mtoto. Kuchaguliwa duka ni jambo jingine, na hapo mkuu wa shule atabidi ajieleze.

Kwa hiyo kaa na mume wako, si siku ya kikao, wala si mbele ya wageni. Mpe chakula ale, ashibe, umwambie maneno ya binti kama binti alivyoyasema, gauni la Idi na yote. Mwanamume anayechinja jogoo kwa sababu mtoto wake wa kike amefaulu, hayo maneno yatamwingia. Kisha mwambie utasimama naye, na akina mama wa stendi watasimama nanyi, ila kwa madai ambayo hayana pa kukataliwa.

La kwanza na kubwa, asirudishwe mtoto nyumbani kwa sababu ya nguo. Mzazi aitwe, aandikiwe, apewe muda, mtoto akiwa darasani. Hilo msilipunguze hata kidogo. Mengine mnaweza kujadiliana. Shule iweke kipande cha kitambaa ofisini, chenye rangi kamili na idadi ya marinda, ili fundi yeyote wa Muheza aende akaangalie na kushona. Kama kitu hicho kingekuwepo, sketi yako isingekoza. Nembo iuzwe peke yake, mzazi aishone mfukoni mwa shati lolote jeupe. Na ile fulana ya Ijumaa iondoke, pamoja na lile sweta. Mwanangu, sweta la Muheza mwezi Februari ni la nini? Wenzenu wa Lushoto sawa, baridi ya kule naijua. Kwenu mtoto analibeba begani kutwa nzima kwa sababu fomu imesema.

Lipo pia jambo la wanaomaliza kidato cha nne. Kila Novemba, wakitoka kwenye mtihani wa mwisho, wanachorana mashati kwa kalamu za wino, majina na namba za simu mpaka mgongoni. Siwanyimi furaha yao. Wachore shati moja, lakini shati la pili, sketi na tai wakabidhi kwa matroni, zifuliwe, zipigwe pasi, Januari apewe anayeingia. Apewe kimyakimya ofisini, asiitwe mstarini mbele ya wenzake kupokea nguo ya msaada. Nimeshaona shule ikifanya hivyo vibaya, na watoto wakakataa kuzivaa.

Wewe mwenyewe usinyamaze kikaoni. Mume wako akimaliza, simama useme habari ya siku nne alizokaa nyumbani, bila kumtaja mwalimu. Na wale wengine wawili waliotolewa mstarini watafute wazazi wao wiki hii. Huenda nao wako majumbani wanajificha, na wazazi wao wanadhani ni wao peke yao. Mkiwa familia tatu na hadithi moja, bodi ya shule haitasema ni ugomvi wa mtu na mwalimu.

Zile sketi mbili usizigawe wala usizikatie tamaa. Mkuu wa shule akizikubali mpaka Juni, zirudishe kwa fundi azifumue upindo. Kama aliacha kitambaa cha vidole vitatu au vinne ndani, azishushe kidogo, maana msichana wa umri huo hurefuka ghafla. Kama hakuacha, basi zile za Juni mwambie mapema aache. Kisha niandikie kikao kilivyokwenda.

Shangazi